Sura ya Shani Nyuma ya Picha

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka kwenye sherehe ya rafiki yake akiwa amekumbatia boksi la kuku. Kuku mwenyewe alikuwa ameshaliwa zamani, yamebaki mafuta yaliyolowesha karatasi na vipande viwili vya chipsi vilivyokauka. Lakini alikataa katakata nisilitupe. Kwenye mfuniko kulikuwa na picha ya wale vijana wanaoimba siku hizi, ambao majina yao nayachanganya kila mara na yeye hunisahihisha kama mwalimu aliyechoka, na chini ya picha wameandika kwamba ukikusanya mifuniko yote unapata tiketi ya kwenda kuwaona. Akanisogezea boksi puani. "Mama, nusa, bado linanukia." Nikanusa. Karatasi ngumu iliyolowa mafuta ya kuku, na pilipili manga kwa mbali. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima na khanga yangu kiunoni, mtoto akadhani nimeanguka.

Ninyi wa rika langu mliokulia Morogoro mtalikumbuka duka la kuku la Mama Rukhsana, kule mjini, hatua chache kutoka sokoni. Kabla yake sisi tulijua chipsi za kwenye kikaango cha nje, unafungiwa kwenye gazeti, unakula huku unasoma habari za mwaka jana. Mama Rukhsana na mumewe walikuwa na duka la vitambaa, wakaligeuza. Wakaweka vigae vyeupe, viti vyekundu vilivyopigiliwa sakafuni, na picha za vyakula zenye taa ndani yake juu ya kaunta. Siku ya kwanza Mama alipotupeleka nilivua ndala mlangoni, maana sakafu ile niliona ni ya sebuleni kwa watu. Dada yangu Pina alicheka mpaka akashika kifua. Naye Mama Rukhsana alitoka nyuma ya kaunta, akaziokota ndala zangu, akaniletea mezani kwa mikono miwili kana kwamba ndizo nilizoagiza. Tangu siku hiyo akawa ananiita Mama Ndala.

Kisha likaja lile jambo la Radi Nne. Kundi lenyewe lilikuwa la Dar, vijana watatu na msichana mmoja: Dulla Kasi, Chidi Mwanya, Bonge, na Shani. Wimbo wao ulikuwa kila redio, kila genge, hata konda aliyekuwa hana sauti aliuimba. Sijui Mama Rukhsana alielewana nao vipi, ila tulisikia gari la matangazo likipita mtaani kwetu Kilakala na spika juu, likisema kuwa kuanzia leo kila boksi la kuku lina sura ya mmoja wao kwenye mfuniko. Unaikata kwa kufuata vitone, unatoboa macho, unafunga mpira, unaivaa. Ukipeleka sura zote nne dukani, ukiwa miongoni mwa watu watano wa kwanza, unapelekwa Dar kula kuku na Radi Nne na kupanda nao jukwaani kuimba kiitikio. Gari lilikwenda mpaka mwisho wa mtaa likageuza, na Pina alikuwa bado amesimama dirishani.

Niwaelezee Pina. Jina lake la ubatizo ni Agripina, ila hakuna aliyekuwa na muda wa jina refu hivyo. Alikuwa na miaka kumi na tano, mimi sita. Baba yetu simkumbuki. Tulikuwa watatu tu nyumbani, mimi, yeye na Mama, ambaye alikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali. Pina alikuwa na sauti. Akiimba huku anaosha vyombo, mama wa jirani alikuwa anapunguza redio yake. Na alikuwa na kutembea kwake mwenyewe. Anapiga hatua kumi, ishirini, halafu anasimama, mkono kiunoni, anainua uso kutazama milima ya Uluguru. Ukimuuliza, anakwambia, "Naangalia kama mvua inakuja." Hata kiangazi, jua linawaka, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi, Pina anaangalia kama mvua inakuja. Mimi nilimwamini. Nilitangaza shuleni kuwa dada yangu ni mtaalamu wa mvua, na siku mvua iliponyesha kweli nilitembea kifua mbele. Kwamba moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, kwamba alikuwa anasimama ili apate pumzi, hayo yalikuwa maneno ya wakubwa, na wakubwa waliyasema mlango ukiwa umefungwa.

Mama aliweza kununua boksi moja mwisho wa mwezi, basi. Hiyo ilitupa Bonge. Kwa hiyo tukaingia kazini. Baada ya shule tulikuwa tunapitia kwa Mama Rukhsana, tunamwamkia, "Shikamoo Mama," naye, "Marahaba, Mama Ndala, marahaba, mwimbaji," halafu anatupa mifuniko ambayo wateja wameiacha mezani. Wengi walikuwa Bonge. Bonge alijaa Morogoro nzima. Chidi Mwanya tulimpata siku ya tatu, ana alama ya meno ya mtu kwenye shavu. Dulla Kasi tulibadilishana na mtoto wa jirani kwa Bonge wanne. Shani ndiye hakupatikana. Watu walisema wamemchapisha kidogo makusudi ili kuku wauzwe, na pengine ni kweli.

Pina alizikata sura zile kwa wembe wa Mama, taratibu, akazifuta mafuta kwa unga wa ngano, akazifunga mpira wa kushonea. Jioni tulikuwa tunafanya onyesho. Mimi nilikuwa Bonge, na nilipaswa kutoa tumbo. Yeye alibaki na uso wake mwenyewe. "Mimi ni Shani mpaka Shani apatikane," alisema. Akaimba, akachoka, akakaa kitandani, akaniambia maneno ambayo naamini aliyasema kwa kucheka tu: "Nikienda Dar mimi sirudi. Nitabaki huko huko niimbe. Kitanda chote chako."

Mtoto wa miaka sita hatanii. Ukimwambia kitu anakibeba kama kilivyo. Usiku nilinyoosha mguu nikagusa wake, ili nihakikishe, na kesho yake nilipokwenda peke yangu kwa Mama Rukhsana, kwa kuwa Pina alikuwa amelala na homa, nilikuwa tayari naogopa kitu ambacho sikuwahi kukiogopa. Na ndipo nilipompata. Alikuwa chini ya meza, amekunjwa mara mbili, amekanyagwa kidogo kwenye paji la uso, lakini ndiye: Shani, na hereni zake kubwa, anacheka. Wengine wangeruka. Mimi nilimwingiza ndani ya sketi ya shule, nikamshika kwa kiwiko mpaka nyumbani.

Chumbani kwetu, juu ya kitanda, ilining'inia picha ya Bikira Maria ambayo Bibi alitupa. Niliona kwamba yeye hawezi kusema. Nikasubiri Pina aende msalani, nikapanda juu ya kigoda, nikamsukuma Shani nyuma ya picha. Halafu nikaungama kwa Bikira Maria mwenyewe, nikamwambia sijaiba, nimeokota. Kila siku nikirudi Pina ananiuliza, "Shani?" Namjibu, "Hamna." Namtazama usoni kabisa nikisema hivyo. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, mkubwa kuliko huo, lakini hakuna uliowahi kukaa tumboni kama huo.

Kama wiki mbili zikapita hivyo. Pina hakwenda tena shule. Alikuwa akilala chali mchana kutwa, miguu imevimba, midomo ina rangi ya zambarau ambayo mimi niliona inapendeza. Asubuhi moja niliamka nikakuta Mama amefunga begi. Wanakwenda Dar, akasema, kwenye hospitali kubwa, na mimi nitakaa kwa jirani. Nilisikia Dar tu. Nikamtazama Pina aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kanisani, nikauliza, "Unakwenda kwa Radi Nne?" Mama akanigeuzia mgongo. Pina akasema, "Bila Shani nitakwendaje?" Akanishika masikio yote mawili kama alivyozoea, akanivuta, akaninusa kichwani. Mwenye nyumba wa jirani akanichukua kwenda kunywa chai ili nisione wanavyompakia kwenye gari.

Siku chache baadaye tulisafirishwa sote kwenda kwa Bibi, juu milimani, kupita Mlali, kule ambako barabara inakata tamaa na watu wanaendelea kwa miguu. Mjomba Kosmas, kaka yake Mama, alinibeba mgongoni. Mbele yetu wanaume walikuwa wanapokezana kubeba sanduku refu lililofunikwa shuka jeupe. Niliuliza ni nini. Mjomba alikuwa akihema. Akasema, "Shikilia shingo vizuri, utaanguka." Kwa Bibi watu walikuwa wengi mno, wanawake wamekaa chini wamejifunika khanga, wanalia kwa kuitikiana. Nilimwona Mama katikati yao lakini hakuwa ananiona. Shangazi mmoja akatukusanya watoto wote, akatupeleka nyumba ya pili, akatumwagia maharage kwenye mkeka tuyapukuchue. Tuliyapukuchua mpaka ukungu ukashuka. Tuliporudishwa, lile sanduku halikuwepo na wanaume walikuwa wananawa udongo mikononi.

Nikaanza kulia nami, kwa sababu kila mtu analia. Ndipo akaingia Bi Sikudhani.

Huyu alikuwa mwanamke mzee, mwembamba kama ufito, wa ukoo ambao una utani na ukoo wetu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo una watani wake, na kwenye msiba watani ndio wenye kazi: wanachimba, wanaosha, wanapika, na wanachekesha. Mtani ana ruhusa hata ya kumwigiza marehemu mwenyewe. Hayo nayajua leo. Siku ile nilichokiona ni mwanamke mzee akitokea nyuma ya nyumba amevaa sketi ya shule ya Pina juu ya khanga, na usoni amevaa Bonge. Bonge wetu, mwenye mpira wa kushonea, kutoka kwenye begi la hospitali. Uso mnene wa kijana wa Dar juu ya shingo ya bibi kizee. Alipiga hatua kumi. Akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akainua uso kwenye milima.

"Jamani mnalia nini?" akasema, na sauti akaipandisha juu kama ya msichana. "Mimi naangalia kama mvua inakuja!"

Uwanja mzima ulipasuka. Watu walicheka huku machozi yanatiririka, wengine walianguka chini. Mama alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni nini. Bi Sikudhani akaanza kuimba kiitikio cha Radi Nne, maneno yote kakosea, akizungusha kiuno kisichokuwepo. "Nani kawaambia nimekufa? Nimekwenda kuimba! Nimepanda jukwaani na Bonge, ninyi mko hapa na maharage yenu! Mjomba Kosmas, toa kuku wangu, siwezi kuimba na njaa!" Mjomba akamfukuza kwa fimbo, akamkimbiza kuzunguka nyumba, watu wakapiga makofi, Mjomba akatoa jogoo kweli, akamkabidhi.

Mimi niliacha kulia papo hapo. Kumbe! Kumbe ndiyo maana hayupo. Amekwenda kuimba, na hawa wote wanalia kwa sababu amesema harudi, kama alivyoniambia mimi. Kitu kimoja tu hakikunikalia sawa. Alikwendaje bila Shani?

Tuliporudi Kilakala baada ya matanga, kabla hata Mama hajafungua madirisha, nilipanda juu ya kigoda. Nikapapasa nyuma ya Bikira Maria. Nikapapasa tena. Kulikuwa na utando wa buibui na msumari. Shani hakuwepo.

Basi nikajua. Pina aliipata, akakamilisha sura nne, akashinda, akaondoka. Siwezi kuwaeleza nilivyokasirika. Nilikaa juu ya kile kigoda nikiwa nimevimba kwa hasira, na chini ya hasira nilikuwa na fahari kidogo, maana si kila mtu ana dada aliye jukwaani. Kitanda kilikuwa changu chote. Nilikilalia ukingoni.

Mwezi haujaisha, gari la matangazo likapita tena: Radi Nne wanakuja wenyewe kwa Mama Rukhsana Jumamosi kuwashukuru wapenzi wao. Nilitoroka nyumbani na ndala zangu. Mtaa ulijaa mpaka juu ya maduka. Mimi nilikuwa mdogo, nikapita katikati ya miguu ya watu, nikafika mlangoni gari lao liliposimama. Akashuka Dulla. Akashuka Chidi, kumbe mwanya wenyewe mdogo tu. Akashuka Bonge, si mnene kama alivyochorwa. Akashuka Shani na zile hereni. Nikasubiri. Mlango wa gari ukafungwa.

Nikamvuta Shani gauni. "Dada Pina yuko wapi?"

Aliinama. Alikuwa ananukia manukato na jasho. Kelele zilikuwa nyingi, nadhani alifikiri nimepotezana na dada yangu kwenye umati. Akanishika kidevu, akasema, "Anakuja, mdogo wangu. Simama hapa hapa, atakuona."

Nikasimama hapo hapo. Waliimba, watu wakasukumana, wakaondoka, jua likahamia upande wa pili wa barabara, nami nimesimama. Mama Rukhsana ndiye aliyeniona alipotoka kufagia mifuniko. "Mama Ndala, unangoja nani?" Nikamwambia namngoja Pina, Shani amesema anakuja. Mama Rukhsana aliuacha ufagio ukaanguka. Alikaa kwenye ngazi ya duka lake, mwanamke yule aliyekuwa hakai, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake. Nikadhani naye amemkasirikia Pina kwa kutokuja. Alinirudisha nyumbani mwenyewe, kwa miguu, amenishika mkono, na boksi zima la kuku chini ya kwapa, akazungumza na Mama mlangoni kwa sauti ya chini. Mama hakunichapa. Alinikalisha mapajani, akanibana mpaka nikaumia. Nikaona hata Mama amemkasirikia.

Nilimngoja mwaka mzima. Nitasema ukweli wangu hapa: nilimchukia. Wimbo wao ukipigwa nilikuwa natoka nje. Sikukuu ilipita hajaja, nikatupa daftari lake la nyimbo chini ya kabati. Mtoto akisusa anasusa kwelikweli.

Mwaka ulipotimia tulipanda tena kwa Bibi, kwa ajili ya misa na kuweka msalaba wa saruji. Nilikuwa darasa la pili sasa, nimeshajua kusoma, na nilikuwa nasoma kila kitu kilichoandikwa, magunia ya mbolea, migongo ya malori, kila kitu. Wakubwa walikuwa wanaimba. Mimi nikaanza na ule msalaba mpya, kwa kidole. A, gri. Gripi. Na. Nikarudia toka mwanzo. Nikalisoma na jina la ukoo. Kisha nikatazama ule udongo uliokuwa na majani, nikaona urefu wake, nikakumbuka urefu wa lile sanduku.

Nilimtafuta Bi Sikudhani kwa macho, nikamwona amekaa anapepeta mchele. Nilimwendea nikampiga kwa ngumi mbili mgongoni. "Mwongo! Ulisema amekwenda kuimba! Mwongo wewe!" Watu wakataka kunishika. Yeye akawazuia kwa ungo. Alinivuta akanikalisha kwenye mkeka, akaniacha nimpige mpaka nikachoka.

"Mimi ndiye niliyemwosha dada yako," akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, ile ya milimani inayopanda na kushuka. "Kwa mikono hii. Nilimchana nywele. Nami ningekaa chini nilie, mama yako angeinuliwa na nani?"

Sikumwelewa na sikumsamehe, si siku ile. Lakini nilipoacha kumchukia Pina lilibaki pengo, na pengo lile likaja kujazwa na jambo baya zaidi. Shani. Dada yangu alilala chali wiki mbili akiniuliza, "Shani?" nami nikamjibu "Hamna," na Shani alikuwa juu ya kichwa chake. Kitu alichokitaka kuliko vyote katika siku zake za mwisho nilikuwa nacho mimi. Nikajiambia kwamba ile sura waliitafuna panya, au ilidondoka ikafagiliwa. Nilikua nayo hiyo. Nimesoma nayo sekondari, nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Mume wangu hajui. Na Mama sikumuuliza kamwe, kwa kuwa ili kumuuliza ningelazimika kwanza kumwambia nilichofanya.

Basi wiki iliyopita, nikiwa sakafuni na lile boksi mapajani, binti yangu amekimbilia kwa baba yake kumwambia Mama kaanguka, nilimpigia simu Mama. Amestaafu, anaishi Mlali, ana bustani ya mboga na kuku ambao hawachinji kwa kuwa kila mmoja ana jina. Tukasalimiana. Akaniuliza mbona sauti imekauka. Nikamwambia, yote, kwa mkupuo, kuanzia chini ya meza kwa Mama Rukhsana mpaka nyuma ya picha. Nilikuwa nalia kama yule wa miaka sita ambaye hakulia.

 Nilisikia kuku wake wakilalamika.

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema. "Miaka yote hii nangoja. Nikasema labda umesahau, nisikuchokoze."

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, yeye alikuwa analala chali mchana kutwa, unafikiri alikuwa anatazama nini? Picha ilikuwa imekaa upande. Aliiona kesho yake tu ulipoificha. Alinambia, 'Mama, mdogo wangu kamficha Shani kwa Bikira Maria. Mwache. Anaogopa nitaondoka.'"

 Mama akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa nguo za zamani kabatini.

"Sura nne zote alikuwa nazo, na zile nafasi tano zilikuwa hazijaisha. Ningemchukua hata mgongoni nimpeleke kwa Mama Rukhsana. Alikataa. Alikuwa anakuuliza Shani kila siku ili wewe usijue kwamba yeye anajua. Halafu asubuhi ile tunaondoka, wewe ukiwa kwenye chai, akaniambia nimshushie picha. Akaitoa sura ya Shani, akaitia kifuani kwenye gauni. Nikamwambia, iache, utairudia. Akasema, 'Hapana, Mama. Akipanda kigoda asiikute, atajua nimekwenda kuimba. Hatalia.' Tulimzika nayo. Bi Sikudhani alimwekea mkononi. Nilimsimulia wakati anamwosha, ndipo alipokwenda kutafuta ile sura ya Bonge."

Binti yangu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na baba yake nyuma yake, wananitazama.

"Nilimwambia atarudi tu," Mama akasema. "Nilimwambia hivyo tukiwa tunatoka. Yeye akasimama pale kizingitini, mkono kiunoni, akatazama milima. Muda mrefu. Dereva anapiga honi. Nikamuuliza, Pina, unaangalia nini? Akasema anaangalia kama mvua inakuja."

Sauti yake ikasogea mbali na simu, nami nikajua amegeuza mgongo, kama alivyofanya asubuhi ile. Mwaka mzima nilimngoja dada yangu, nikamsusia, nikatoka nje wimbo wake ulipopigwa, na sikumlilia hata siku moja.